Mfuko umekauka, na kijana ameshavaa tangu asubuhi

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 28. Huu ni mwezi wa nne tangu nijiunge na mpango wa walezi wa kujitolea, ule ambao mtu mzima hukabidhiwa kijana mmoja akawa anakutana naye mara kwa mara. Mimi nilipewa kijana wa miaka 13. Tulikubaliana tuonane kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, kwa muda wa saa tatu hivi.

Mwanzoni nilijitutumua. Mara ya kwanza nilimpeleka bwawa la kuogelea, ya pili sinema, ya tatu bustani ya wanyama. Viingilio vya watu wawili, nauli ya watu wawili, vinywaji juu. Kila tukirudi namuuliza, umeonaje? Jibu ni lilelile: "Poa tu." Nikadhani labda nimeweka kiwango cha chini, mara inayofuata nipande juu zaidi.

Kabla sijapanda, kazini wakapunguza saa zangu. Tangu hapo nimeahirisha mara mbili mfululizo. Ya kwanza nilisema nina mafua. Ya pili nilisema nimepata dharura kazini, ilhali nilikuwa nimekaa kitandani natazama dari. Mama yake akapokea simu, akasema kwa upole, "Haya, nitamwambia. Alikuwa ameshavaa tangu asubuhi." Sauti hiyo haijanitoka.

Kuna mwenzetu mmoja kwenye kundi letu la walezi hutuma picha kila wiki: leo wako kwenye mashua, kesho kwenye magari ya kugongana. Kijana wangu anasoma na huyo kijana mwingine. Siku moja akaniuliza, "Na sisi mashua lini?" Nikacheka tu.

Nimefikiri nijitoe kwa sasa, nirudi mwakani nikishajipanga, ili apate mlezi mwenye uwezo. Au Mjomba, kuna matembezi ya bei nafuu ambayo hayatamfanya ajione yeye ndiye wa bei nafuu? Kila ninayemuuliza ananiambia, "Tembeeni tu, ongeeni." Tutaongea nini na mtoto ambaye majibu yake ni maneno mawili?

Mlezi Mkavu

*

Marahaba, mpwa wangu.

Usijitoe. Naanza na hilo kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeona umeshaanza kufunga mizigo.

Unadhani kujitoa mapema ni kumpisha apate mwingine aliye bora. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha utafiti uliofuatilia vijana 1,138 wa miaka 10 hadi 16 waliokuwa katika mpango wa aina hiihii. Waliodumu na walezi wao mwaka mmoja au zaidi ndio waliofaidika kwa mambo mengi zaidi. Wale ambao uhusiano ulikatika ndani ya miezi mitatu walirudi nyuma: walijithamini kidogo kuliko walivyojithamini kabla ya kupewa mlezi, na hata imani yao katika uwezo wao wa masomo ilishuka. Kwa maneno mengine, mlezi anayekuja kisha akapotea anaweza kumwacha mtoto pabaya kuliko alipomkuta. Wewe umevuka miezi mitatu, lakini mara mbili za mwisho umempiga chenga.

Kwa hiyo gharama iliyo mbele yako sasa hivi ni ile nguo aliyovaa asubuhi akaivua jioni. Hiyo ndiyo ya kulipa kwanza, na hailipwi kwa mashua.

Mpigie simu leo. Zungumza naye mwenyewe, kisha na mama yake. Usilete mafua tena. Sema hivi, kwa maneno yako: "Mara mbili nimekuangusha. Sikuumwa. Pesa iliniishia nikaona haya kukwambia. Nilikosea. Jumamosi saa nne nipo mlangoni kwenu, na hatutalipia kitu." Kisha nyamaza. Usimweleze mshahara wako wala kodi ya nyumba yako, hayo si mzigo wake. Lakini mtoto wa miaka 13 anajua vizuri pesa kuisha ni nini. Asichokijua, na ambacho huenda amejijibu mwenyewe kwa namna mbaya, ni kwa nini hukuja.

Sasa tuje kwenye "poa tu".

Hebu nikuulize: bwawa alichagua nani? Sinema? Wanyama? Katika barua yako nzima, kitu pekee alichotaja yeye ni mashua, nawe ukacheka. Mwaka 1995 watafiti wengine wawili, Kristine Morrow na Melanie Styles, walichapisha uchunguzi wao wa jozi 82 za walezi na vijana. Waliziona zimegawanyika. Kuna walezi waliokuja na ajenda yao mfukoni, na kuna waliojipinda kufuata matakwa ya kijana, wakampa sauti katika kuamua wafanye nini, wakaweka furaha mbele. Waliporudi kuziangalia jozi hizo baadaye, nyingi za kundi la pili zilikuwa bado zinakutana. Nyingi za kundi la kwanza zilikuwa zimeshavunjika au zinaning'inia. Wewe si mkali, wala huna ajenda ya kumnyoosha mtu. Ila umekuwa ukimpangia kila kitu kwa ukarimu, na anayepangiwa kila kitu hubaki mgeni. Mgeni akiulizwa ameonaje, husema poa.

Ndiyo maana sikupi orodha ya mambo hamsini. Nakupa machache, na sharti moja: umpelekee matatu, yeye achague moja, au ayakatae yote alete lake.

La kwanza ni kupima urefu wa mti. Najua umeguna. Subiri. Chukua karatasi ya mraba, ikunje kona kwa kona ipate pembetatu. Ishike ukingo mfupi mmoja ukiwa sambamba na ardhi, ule mwingine mfupi umesimama wima upande wa mbali, jicho lako likiwa kwenye kona ya karibu, utazame kwa kufuata ukingo mrefu. Rudi nyuma hatua kwa hatua hadi ncha ya mti ikae sawasawa na kona ya juu. Simama hapo. Umbali kutoka ulipo hadi kwenye shina, ukijumlisha na urefu wa jicho lako kutoka chini, ndio urefu wa mti, mradi uwanja uwe tambarare. Ni kwa sababu pembe ile ni ya nyuzi 45, basi kwenda mbele na kwenda juu vinalingana. Kabla ya kupima, kila mmoja akisie na aandike. Mtabishana. Yeye atasema mita 20, wewe utasema 12, na mmoja wenu ataaibika. Kisha mtataka kupima nguzo ya taa, ghorofa, goli, mnara. Nimeona watu wazima wanaojiheshimu wakirudi kinyumenyume na karatasi jichoni hadi wakajikwaa. Kijana aliyemwona mlezi wake akijikwaa hana tena sababu ya kujibu kwa maneno mawili.

Hapo ndipo wanapokosea wanaokwambia "ongeeni tu". Wavulana wengi wa umri huo, na wasichana wengi pia, hawaongei wakikalishwa uso kwa uso na mtu anayewauliza mambo yao. Huongea mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye kitu kingine. Kwa hiyo tafuta shughuli ambayo ninyi wawili mnaitazama, isiwe wewe unamtazama yeye.

Kwa maana hiyo, baiskeli yenye pancha ni johari. Ikiwa kwao ipo, au kwenu, au jirani anayo imeegeshwa mwaka mzima, ombeni. Mtatoa tairi upande mmoja, mvute tyubu, muijaze upepo, muipitishe kidogokidogo ndani ya beseni la maji hadi viputo vionyeshe tundu lilipo. Wekeni alama, kausheni, sugueni kwa msasa, pakeni gundi, kisha msubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi huharibu, hubandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi. Acha dakika kadhaa ikauke juu. Na kabla ya kurudisha tyubu, papaseni ndani ya tairi polepole kutafuta mwiba au msumari uliosababisha yote, la sivyo mtarudia kazi kesho. Kama hujui kuziba pancha, bora zaidi. Jifunzeni pamoja, au mwombe fundi awaache msimame pembeni. Dakika zile za kusubiri gundi, mpwa wangu, ndizo nilizosikia ndani yake mambo ambayo miezi ya maswali haikuyatoa.

La tatu ni la anga, nalo litakusaidia katika tatizo ambalo hujaliuliza: wiki mbili ni ndefu kwa mtoto. Anzeni siku mwezi mwandamo unapoonekana. Jioni hiyo, jua likishazama tu, mwezi huwa mwembamba, upande wa magharibi, karibu na ardhi. Kubalianeni kwamba kila jioni wakati huohuo, kila mmoja akiwa kwao, atatoka nje kwa dakika moja, atachora mwezi ulipo na umbo lake kwenye daftari. Kila siku atauona umesogea kuelekea mashariki na umenenepa, kwa sababu mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 hivi kila siku. Baada ya karibu wiki mbili utakuwa mpevu, ukichomoza mashariki wakati jua linazama magharibi. Mtakutana Jumamosi na madaftari mawili ya kulinganisha, na kila mwenye mawingu ataleta visingizio vyake. Haligharimu hata nauli, na jioni kumi na kadhaa mfululizo atajua kuna mtu mwingine ametoka nje kuangalia kitu kilekile.

Akilipenda hilo, mwongeze Kituo cha Anga cha Kimataifa. Kinazunguka dunia kwa takriban dakika 90, kimo cha kilomita 400 hivi, na kumekuwa na watu ndani yake bila kukatika tangu Novemba 2000. Huonekana kwa macho matupu kama nukta nyeupe inayokwenda kimyakimya, isiyowaka na kuzima kama taa za ndege, muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya alfajiri. Sisi tuko gizani, chenyewe bado kinapigwa na jua. NASA, shirika la anga la Marekani, hutangaza bure saa za kupita kwake juu ya miji mbalimbali. Lakini kwa kuwa ni giza, aangalie akiwa kwao na wazazi, nawe uwe kwenye simu.

Mengine nitayapitia mbiombio. Kuna matembezi ya sarafu: kila mkifika njia panda mnarusha, upande mmoja kulia, mwingine kushoto, kwa nusu saa, halafu yeye ndiye anayewarudisha nyumbani bila kuuliza njia. Kuna maktaba ya umma, ambako kila mmoja anamchagulia mwenzake kitabu kwa kutazama jalada tu na mwenzake lazima asome kurasa 10 za kwanza. Kuna mechi za timu za mtaani au za shule zisizo na kiingilio, ila msikae kama magunia: yeye ahesabu pasi za timu moja, wewe za nyingine, muone kama aliyepiga pasi nyingi ndiye aliyeshinda. Kuna sataranji na drafti. Kuna makumbusho, na mengi huwa na siku za bure au punguzo kwa wanafunzi, kwa hiyo piga simu uulize kabla ya kwenda. Kituo cha zimamoto nacho mara nyingi hukubali wageni wakiombwa mapema, hasa mkiwa kundi.

Na kuna moja ninayoiweka juu ya yote hayo: akufundishe. Kila kijana anajua kitu usichokijua. Mchezo wa simu, mtindo wa kucheza muziki, kuchora katuni, kupiga danadana. Mwambie, "Jumamosi hii wewe ndiye mwalimu, mimi nitafanya utakavyoniagiza." Uwe mwanafunzi mbovu kwa kweli, si wa kuigiza, watoto hunusa maigizo. Atakuwa amekaa upande wa anayejua, na nadhani katika saa tatu zenu hajawahi kukaa huko.

Umeniuliza kama unafuu utamfanya ajione ni wa bei nafuu. Unaweza, ukiufanya kwa aibu. Ukifika umeinamisha kichwa ukisema, "Leo samahani, tutatembea tu," ameshaelewa kwamba amepewa makombo. Ukifika na karatasi ya mraba na ubishi wa mti, hakuna kitu cha kusamehe. Vilevile, pale utakapokuwa na pesa kidogo, usiifiche. Mpe bajeti. "Miezi mitatu ijayo tuna kiasi hiki chote. Tunaweza kukitumia siku moja, au kukigawa. Wewe unasemaje?" Kisha mkae na kalamu.

Hapo ndipo mashua inarudi mezani. Alikuuliza, na swali lake linastahili jibu la mtu mzima. Ulizeni bei pamoja, yeye apige hiyo simu mwenyewe. Ulizeni kama kuna nafuu siku za katikati ya wiki au kwa kundi. Gawanyeni kwa idadi ya miezi. Ikiwezekana, mtapanda mkiwa mmeingojea. Isipowezekana, atajua kwa nini, kwa hesabu aliyoifanya mwenyewe, na hatahitaji kukisia kutokana na kicheko chako. Ila usimwahidi tarehe ambayo huna uhakika nayo. Ahadi mbili zimeshavunjika.

Mambo mawili ya tahadhari, nisionekane nimesahau. Mpango wenu bila shaka una kanuni kuhusu mahali pa kukutania, na mipango mingi haipendi mlezi na mtoto wawe peke yao ndani ya nyumba. Zisome upya, mkae maeneo ya wazi, na mama yake ajue kila mara mko wapi na mtarudi saa ngapi. La pili, mratibu wako aambiwe kuhusu kazi yako. Waratibu wengi wana tiketi za bure zilizotolewa na wafadhili, au mipira, au nauli, na vitu hivyo hukaa kabatini kwa sababu walezi wanaona haya kuomba. Hutakuwa wa kwanza kuishiwa.

Ukija kuona kweli huwezi kuendelea, kwa ugonjwa au kuhama, basi usififie. Mwambie mapema, mkutane mara ya mwisho kwa kujua ni ya mwisho, na mratibu awepo. Lakini kwa kukosa kiingilio cha bwawa? Hapana.

Kumbe nimemsahau mwenzako wa picha. Sina ugomvi naye. Hujui yeye katika hizo safari anaongea nini na kijana wake, huenda naye anaambiwa "poa tu" ndani ya mashua. Na kwa kuwa vijana wenu wanasoma pamoja, mtafute wiki hii umwambie mkutane wanne, ninyi wawili na wao wawili, uwanjani. Vijana wapange timu, wazee mmoja kila upande. Mwombe yeye alete mpira.

Mjomba